Spika Tatu za Mzee Honi

Mtaani walimwita Mzee Honi, na jina lilimkaa. Alikuwa ameendesha treni ya dizeli miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu aliongea kama mtu anayeshindana na injini. Kumwambia jambo lolote kuhusu treni kulikuwa kujitafutia mhadhara wa bure. Mkewe alishazoea. Alimwacha aseme mpaka pumzi imwishie, kisha akamuuliza kama atakunywa chai.

Chumba cha uani alikigeuza karakana. Humo aliunda treni ndogo kwa bati na mbao, kichwa na mabehewa manne, na rangi zake na namba zake, hata ngazi ya dereva hakuisahau. Reli ilianzia mezani, ikapanda rafu iliyozunguka kuta, ikapenya tundu la ukutani hadi chumba cha kulala, halafu ikarudi. Tundu hilo lilimletea maneno ya mkewe wiki nzima. Kazi yote ilimchukua miaka mitatu, na katika miaka hiyo hiyo macho ya mkewe yalififia. Siku treni ilipokamilika, mama wa watu alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Aliipapasa, akasema, "Hongera, baba watoto," akarudi kwenye kiti chake.

Tangu hapo alishinda kwenye kiti, uso kauelekeza ukutani, maneno yakimpungua kila wiki. Yupo na hayupo. Hilo lilimtesa mzee kuliko alivyokubali kusema. Akajiambia, kama hawezi kuiona, basi ataisikia, huenda akanirudia.

Akaenda kwa fundi simu wa njia panda, binti mwenye mikono myepesi na mdomo usiolala. Binti akampa kadi ndogo yenye mlio wa injini ya dizeli, kisha akammwagia spika juu ya kaunta.

"Hii ni ya simu, babu. Ndogo kama kucha, inaingia kichwani bila shida."

"Kichwa changu au cha treni?"

"Vyote viwili vina nafasi."

Mzee akaijaribu. Ikalia kama mbu. "Hiyo siyo injini, hiyo ni homa," akasema. Binti akamweleza kwamba spika ikiachwa wazi, sauti ya mbele na ya nyuma zinauana; lazima ifungiwe kisanduku mgongoni kisichopitisha hewa, ndipo ipate kifua. Akaitengenezea kisanduku cha plastiki, akaziba kwa gundi, na kweli, mbu akawa walau nyuki. Ya pili, ya kompyuta ya mkononi, ilikuwa nzuri kiasi lakini haikuenea popote kwenye treni. Ya tatu ilitoka kwenye redio ya mbao, pana kama kisahani cha chai. Ilipowashwa kaunta ikatetemeka, na mzee akafumba macho. Hiyo ndiyo sauti aliyoikalia nusu ya maisha yake.

"Haiingii hata kwenye behewa, babu. Utaiweka wapi?"

"Chini ya meza."

Binti akamtilia na ile ya simu, asije akarudi kumsumbua. Mzee akaipokea shingo upande, maana alishaamua.

Kesho yake asubuhi akamshika mkewe mkono, akamketisha karibu na meza, akashika swichi ya kuendeshea treni, akawasha. Chumba kikajaa ngurumo, vikombe vikagongana kabatini. Treni ikapanda rafu, ikaingia chumba cha kulala, ikarudi. Mzee alimkodolea mkewe macho kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani.

Mkewe alisikiliza sana. Kisha akauliza kwa upole, "Itaondoka saa ngapi?"

"Imeshazunguka mara tano, mama."

"Mbona haisogei?"

Mzee akapandwa na hasira. Mtu ulale na kuamka na injini miaka yote hiyo, halafu uambiwe hujui mlio wake. Akayasema hayo hayo, kwa sauti ya kuwasikilizisha majirani.

"Wewe ulikuwa ndani, baba watoto," mkewe akasema. "Ulikwenda nayo, kwa hiyo kwako ilibaki pale pale. Mimi nilikuwa hapa nyumbani. Niliisikia ikipita hapo nyuma ya nyumba."

Mzee akapiga hesabu. Miaka thelathini na moja, na hakuwahi hata siku moja kusikia treni yake mwenyewe ikiondoka. Haya zikamshika.

Akaizima ile kubwa. Akafungua kichwa cha treni, akapachika spika ya simu na kisanduku chake, akabananisha kadi na betri humo humo, akaziunganisha na mota ili mlio uende na mwendo. Ilimchukua saa nzima, na mkewe hakuomba kurudishwa kwenye kiti chake. Treni ikaanza na mlio mwembamba, mzee akakunja uso. Lakini uso wa mkewe uligeuka taratibu, ukaufuata mlio ukutani kote, na kidole chake kikaionyesha treni kila kona bila kukosea.

"Hapo umepunguza mwendo," akasema.

"Nimepunguza."

"Njoo ukae hapa. Fumba macho. Nipe hiyo swichi."

Akatii. Akaisikia injini ikijikokota mezani, ikapanda rafu, ikapita nyuma ya kisogo chake, ikaingia kwenye tundu. Mlio ukapungua, ukapungua tena, ukakatika. Mkewe alikuwa ameisimamisha huko chumbani. Mzee akakamata mbao za kiti. Hakuipenda hali ile hata kidogo.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Kila asubuhi."

"Na mimi nilikupigia honi nikidhani nakufurahisha."

"Ulinifurahisha. Lakini ulikuwa unaondoka."

Machozi yakamtoka mzee. Aliyaacha yatiririke, akijua haonekani, lakini pumzi zake zilimsaliti, na mkono wa mkewe ukaja ukamshika bega.

"Irudishe basi, mama."

"Ngoja kidogo," mkewe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu macho yalipomzimika, akacheka. "Mimi nilikuwa nangoja mpaka jioni."