Kioo cha Chumba cha Watoto

Mume wangu hajui kukaa. Tangu ardhi ipasuke, yeye ni kiguu na njia: mara nyumba hii, mara ile, mfukoni vipande vya kioo, mkononi kikopo cha saruji mbichi. Mtaa mzima unamwita Fundi Kioo. Mimi namwita baba watoto, na nikiwa na hasira simwiti kabisa.

Tetemeko lenyewe lilikwisha kabla sijamaliza kupiga kelele. Lakini lilituachia mpasuko. Umeanzia uwanja wa mpira, umekata barabara, umepita chini ya kibanda cha mshona viatu, ukaingia jikoni kwetu na kutokea chumba cha watoto. Ardhi ya upande mmoja ilisogea pembeni, hata uzio wetu uliokuwa umenyooka umehama shubiri nzima pale katikati. Redioni wakasema ardhi iliyochanika namna hiyo inaweza kuendelea kuteleza kidogo kidogo kwa miezi.

Ndipo mume wangu akapata kazi. Anabandika kipande cha kioo juu ya ufa, saruji huku na saruji kule. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima. Ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinakatika. "Kikikatika, hama leo leo," anawaambia watu. Cha mshona viatu kilipokatika, alimtoa mbiombio na kumbebea meza kichwani, huku mwenyewe akilalamika nyuma.

Kwetu kioo kilikuwa kizima kila siku. "Unaona? Pametulia," alikuwa akiniambia, na watoto wakaendelea kulala pale pale, kitanda kimeegemea ufa.

Basi kioo changu cha kuchania nywele kikaanza kupungua. Kwanza pembe moja. Nikamgombeza binti yangu mkubwa na ubishoo wake, maskini, akalia hadi kwikwi. Kisha ukaondoka upande mzima, na ulikuwa umekatwa kwa mstari ulionyooka. Loo! Mwenye kifaa cha kukatia kioo humu ndani ni mmoja tu.

Watoto walikuwa shuleni. Nikavuta kitanda chao. Chini yake, vipande vya kioo vilivyokatika vilikuwa vimesukumwa kwenye kona, rundo zima. Na saruji ya kile kizima ukutani ilikuwa bado mbichi. Niliogopa, halafu hasira ikanipanda juu ya ule woga.

Aliporudi mchana nikampa vidonge vyake.

"Vioo vimekatika vingapi?"

Akajitia hamnazo. "Vioo gani?"

"Vya kichwani kwa wanao!"

Akakaa chini. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona amekaa.

"Twende wapi, mama watoto? Kwa dada yako? Mimi nikakae ukweni na nyumba ninayo? Kila tofali hapa nimelishika mwenyewe."

"Na matofali ya mshona viatu yalishikwa na nani?"

Nikaleta kilichobaki cha kioo changu, nikamwekea mapajani. Nikapanda kitanda cha watoto, nikalala chali, kichwa ukutani.

"Haya, bandika kingine. Mimi nalala hapa hapa. Ukimaliza uniambie kama pametulia."

"Acha vituko, mke wangu."

"Bandika!"

Akakoroga saruji. Akaja, akainua mkono juu ya uso wangu, na ule mkono ukagoma kufika ukutani, saruji ikanidondokea shavuni. Mkono ambao nimeuona ukipiga plasta ghorofani bila hofu. Nilimwonea huruma kweli, lakini sikuinuka.

"Inuka," akasema.

"Siinuki."

"Inuka, nakuomba. Tukitoe kitanda."

Tukakibeba. Kikakwama mlangoni, maana fremu ilikuwa imepinda. Tukakilaza ubavu, tukakigeuza miguu juu, wapi. Yeye akatoka nje. Nikajua ndiyo hivyo, amekwenda zake tena, na nikaanza kulia kwa sauti.

Akarudi na nyundo. Fremu ile aliiranda mwenyewe wiki aliyozaliwa binti yetu, na watoto walikatazwa hata kuigusa kwa mikono michafu. Akaipiga mpaka ikang'oka na plasta ikamwangukia kichwani. Hakujifuta.

"Vuta," akaniambia.

Nikavuta, kitanda kikatoka.