Benchi la Alhamisi

Habari za msiba zilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa napiga shati pasi. Aliyenipigia simu ni dada yangu mmoja. Nina dada watano, kwa hivyo msijisumbue kutafuta ni yupi. Hakuanza na salamu, na yeye ni mtu wa kusalimia hadi kuku wa jirani. "Yule sista wa presha ametuacha," akasema. "Wewe si ulimjua?" Nikamwambia nilimjua, nikampa pole, kwa kuwa nilikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa akienda kupimwa presha pale kwa miaka mingi. Tukiwa bado kwenye simu, pasi ikaunguza kola. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, lakini asubuhi ile sikumuuliza dada yangu hata moja.

Ninyi wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu marehemu, ingawa hamjui jina lake. Ndiye muuguzi niliyemwandika katika safu hii miaka kadhaa iliyopita, yule aliyewatibu wanawake na wasichana waliokeketwa. Mlinisifu sana kwa makala ile. Wengine mliniandikia kwamba mlilia. Leo nataka kuwaeleza kilichofuata baada ya sifa zenu. Sijawahi kukieleza popote kwa sababu naona aibu, na aibu hiyo haijapungua kwa kukaa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sweta ya bluu iliyochakaa viwiko na ukali wa mwalimu wa hesabu. Zahanati yake ilikuwa upande wa Njoro, ndogo, imezungukwa na mashamba ya ngano. Nilimuuliza alianzaje kazi ile, akanisimulia kisa cha siku zake za uanafunzi katika hospitali moja kubwa. Aliletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, naye alikuwa amekeketwa tangu utotoni, kovu limekaza njia. Mkubwa mmoja wa wodi, badala ya kumhudumia kwanza, alifungua pazia akawaita wanafunzi: "Kujeni muone." Wakaja kundi zima. Mmoja aliguna, mwingine akacheka. "Na mimi nilienda kuona," akaniambia. "Nilisimama mbele kabisa. Na unajua, yule mama hakumwangalia mwenye alicheka. Aliniangalia mimi."

Tangu hapo, mgonjwa wake hakuulizwa "nani alikufanyia hivi" kabla ya kuulizwa "unaumia wapi". Na waliumia kwingi. Kulikuwa na mkojo uliochoma miaka nenda miaka rudi, hedhi iliyoshuka kwa taabu, uvimbe juu ya kovu, wake walioogopa vitanda vyao wenyewe. Kulikuwa na wajawazito waliohitaji kupangiwa hospitali mapema, wazae mikononi mwa mtu anayelijua kovu lile na jinsi ya kulifungua. Tabu ilikuwa namna ya kuwafikisha pale. Mwanamke amwambieje mumewe au mama mkwe kwamba anaenda kutibiwa pale alipokatwa? Kwa wengine, kulitamka tu ni kumshtaki mama mzazi. Kwa hivyo sista akatangaza kwamba kila Alhamisi ni kliniki ya presha. Kila aliyeingia alifungwa ile mashine mkononi, akaandikiwa vipimo kwenye kitabu chake, kisha pazia likavutwa na kazi yenyewe ikaanza. "Bwana akikuuliza, mwambie umetoka kupimwa presha," aliwaambia. "Na si uongo. Mimi nimekupima."

Nilikaa naye Alhamisi tatu. Siku ya mwisho alinisindikiza hadi getini akaniambia, "Andika shida. Usiandike mlango." Nilimwelewa. Nasema wazi kwamba nilimwelewa, ili msinitafutie kisingizio. Sikutaja jina lake wala la zahanati, nikajiona muungwana. Lakini Alhamisi niliitaja. Pazia la kijani nililitaja, na benchi lililo chini ya dirisha, na mashine ya presha. Kwa nini? Kwa sababu yalikuwa mambo matamu kuandika, na mimi ninapenda kusifiwa. Nikamalizia kwa kusema kwamba ukipita pale Alhamisi uwavulie kofia wanawake wa benchi lile, maana hao ni mashujaa. Sentensi hiyo ndiyo mliyoipenda kuliko zote.

Makala ilisambazwa kwenye simu, na mtu yeyote wa eneo lile hakuhitaji jina. Alhamisi iliyofuata benchi lilikuwa tupu. Alikuja mwanamke mmoja tu, na kijana wa bodaboda pale getini akamwita, "Mathe, na wewe ni shujaa?" Wenzake wakaangua kicheko. Mwanamke yule akageuka akarudi alikotoka. Baada ya Alhamisi tatu za namna hiyo sista alinipigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, naye akaniuliza tu, "Uko na gari?" Nikasema ninalo. "Basi kesho unanipeleka Karagita."

Tulikwenda kumtafuta msichana mmoja, kibarua wa shamba la maua, mwenye mimba ya kwanza ya miezi minane. Kovu lake lilikuwa baya, na sista alikuwa amepanga kumpeleka yeye mwenyewe hospitalini kabla ya uchungu kuanza. Sasa simu yake ilikuwa imezimwa. Tulizunguka ploti za vyumba vya kupanga, moja baada ya nyingine, hadi tukafika kwenye chumba chake, tukakuta kufuli. Jirani aliyekuwa akifua nguo nje alituambia, "Huyo alienda kwao. Bwana yake aliona kitu kwa simu, akamuuliza mbona huwa anaenda huko Alhamisi. Wakakosana. Akasema ataenda kuzalia kwa mamake." Sista akauliza kwao ni wapi. "Hata sijui, sista. Hakusema." Sista alikaa juu ya dumu la maji lililokuwa pale mlangoni, akalitazama lile kufuli.

Tulianza safari ya kurudi. Tulipofika Gilgil nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Sista, nisamehe. Lakini sikutaja jina la mtu." Akajibu bila kugeuka. "Ndio, hukutaja jina. Uliita tu watu waje waone."

Mwezi mmoja baadaye alinipasha habari. Msichana alikaa na uchungu siku mbili nyumbani kabla ya kufikishwa hospitali. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Nilianza kulia kwenye simu, sista akanikatiza: "Sikuambii ndio ulie. Nakuambia ndio ujue." Nilimwomba niandike makala nyingine ya kuomba radhi. Akakataa katakata. "Ukiandika tena watakumbuka tena. Wewe nyamaza." Alibadilisha siku, akabadilisha chumba, akabadilisha hata ugonjwa wa kusingizia. Aliuita nini, sijui, na sikuuliza. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na huko kutouliza ndiko pekee kulikokuwa kumebaki mikononi mwangu.

Ijumaa tulimzika. Dada yangu aliniomba nimpeleke, nikampeleka. Wanawake walijaa uwanja mzima, wazee kwa vijana, na mmoja baada ya mwingine akasimama kushukuru kwa jinsi marehemu alivyomtibu presha, kisingizio kile cha zamani. Mhubiri akatania kwamba eneo hili sharti lipunguze chumvi. Watu wakacheka. Wanawake nao wakacheka, na nikaona jinsi walivyotazamana. Nilitazama kofia yangu iliyokuwa magotini, nikakumbuka niliyoyaandika.

Tukirudi tulisimama Kikopey, kwani dada yangu hapiti pale bila kula mbavu za mbuzi. Alichukua kipande, akakibonyeza kwenye chumvi kama kawaida yake, akakigeuza, akabonyeza upande wa pili. Nikamtania kama ninavyomtania kila mara: "Na presha, dada?" Safari hii hakucheka. Alikishika kipande chake hewani akaniuliza, "Mimi nimekuwa na presha lini?"

Nilikumbuka likizo moja ya utotoni alipopelekwa kwa nyanya, akarudi na gauni jipya, nami nikalia kwa wivu kwa sababu sikuletewa kitu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikililia gauni. "Uliandika vizuri," akaendelea. "Nilisoma mara mbili. Nikakata hiyo karatasi nikaweka kwa Biblia, sababu ni ndugu yangu ameandika. Halafu sikurudi." Nikamuuliza alikaa muda gani bila matibabu. "Mwaka na kitu. Hadi sista akakuja kwangu mwenyewe, akajifanya anatafuta kuku wa kununua." Kisha akanisogezea kachumbari. "Kula, nyama inapoa."

Hapa kwetu bonde la ufa tumejifunza kukipinga kisu, na ni vyema. Tuna sheria, tuna fulana zenye maandishi, tuna hotuba. Tunampenda sana msichana aliyetoroka, tunampiga picha na kumpa kipaza sauti. Ila yule ambaye hakutoroka, aliyekatwa kisha akakua, akaolewa, akazaa kwa shida, na sasa yuko sokoni anapima viazi, hatuna la kumwambia. Tukimwona, ama tunamhurumia kwa sauti kubwa ama tunamfanya shujaa, na vyote viwili ni kumfungulia pazia. Anachotaka yeye ni dawa, mkono unaojua kazi, na mlango ambao akiingia hakuna anayegeuka kutazama. Marehemu aliwapa hayo matatu. Mimi niliwapa makala.

Somo langu limekuja kwa kuchelewa, na limemgharimu mtu mwingine. Kabla ya kumvulia mtu kofia barabarani, muulize kwanza kama anataka kuonekana. Haya mliyoyasoma nilimpelekea dada yangu kabla ya kumpelekea mhariri, nikakaa jikoni kwake akiyasoma, kalamu mkononi. Alifuta mistari minne. Ilikuwa ndiyo mistari mizuri kuliko yote niliyoandika, na hamtaisoma kamwe.