Ngome ya Madamu na Kitovu cha Mwanangu

Picha ya ngome ilining'inia juu ya meza ya kulia chakula, katika nyumba ya mtaa wa Morningside, Durban, nilikofanya kazi nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Madamu, mjane wa Kiholanzi ambaye miguu ilishaanza kumkataa, alitaka niipanguse vumbi kila asubuhi, na kila nilipoipangusa alianza historia. Sikuwahi kumwomba. Angenisimulia hata kama ningekuwa kiziwi.

Basi nikaijua ngome ile ya mababu zake kuliko nilivyoijua Durban. Mwanzo ilikuwa mnara mmoja wa matofali uliozungukwa na handaki la maji, na bwana mwenye mnara alitoza ushuru kila mashua iliyopita mtoni. Askari wa mfalme wa Ufaransa wakaja wakaichoma. Mjukuu wa bwana yule, aliyetajirika kwa kungumanga na kahawa ya visiwa vya mbali, akaona kuta nene hazina kazi tena ila kuleta baridi. Akazibomoa, akabakiza mnara kwa ajili ya urembo tu, akajenga nyumba ya madirisha mengi na kupanda miti kwa mistari. Handaki lililochimbwa kuzuia maadui likawa la mabata. Madamu alipofika kwenye mabata alitabasamu, nami nilijua ni wakati wa kumletea chai.

Siku moja alipofika kwa wale askari nikamkatiza. "Na nyumba yetu ilichomwa, Madamu. Kule kwetu Uvira, mwaka juzi." Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akanipa pole, halafu akaendelea na mjukuu na kungumanga zake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wahenga hawakutuambia kwamba mwenye shibe naye hulia. Madamu alilia. Ukoo wake ulikuwa umeshindwa kuitunza ngome, ikachukuliwa na chama cha kuhifadhi majumba ya kale, na sasa akienda itambidi akate tiketi mlangoni kama mtalii. Alililia hilo mbele yangu, mimi ambaye hata tiketi sikuwa na pa kuikatia.

Kipande kilichonikaa rohoni ni cha kijiji. Mrithi mwingine aliichukia ile mistari ya miti, akataka ziwa na vijia vya kupindapinda. Lakini kutoka dirishani kwake kulionekana kijiji, vibanda na moshi wake. Akakihamisha. Madamu alilisema jambo hili kama mtu anayesimulia jinsi kabati lilivyohamishwa chumba.

"Watu walienda wapi?" nikauliza.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo," akasema. Kisha akaniomba nivute pazia, kwa kuwa jua lilikuwa linampiga machoni.

Mwanangu akazaliwa, wa kike, na kitovu chake kikakauka na kudondoka. Kwetu kitovu hakitupwi. Bibi mzaa baba hukizika chini ya mgomba nyuma ya nyumba, na tangu hapo mtoto ana kwao. Hata akitangatanga duniani, ipo ardhi inayomjua. Mama mkwe wangu alikuwa katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa la kwetu, na mgomba wetu sikujua kama bado ulisimama. Mume wangu, aliyekuwa akilinda magari mjini, alipokuja Jumapili alikuta nimekifunga kwa kitambaa ndani ya kisanduku cha kiberiti.

"Kitovu ya mutoto haiwezi kubakia mu kibiriti," akasema.

"Nitamwomba Madamu udongo."

"Udongo ya wenyewe? Alors, basi, siku wakitufukuza, tutabeba udongo?"

Nilimwambia anyamaze. Nilikasirika kwa sababu alisema kile kile nilichokuwa nakiogopa.

Madamu alifurahi mno. Kwao, alisema, kila mtoto wa ukoo alipandiwa mti, na wa kwake bado upo kule mpaka leo. Akajikongoja na fimbo yake hadi nyuma ya chumba changu cha uani, akachagua mwenyewe mahali, chini ya mlimau. "Hapa hakuna atakayekigusa," akasema. Nikamwamini. Nilichimba kwa kijiko cha jikoni, nikasema maneno ambayo mama mkwe angeyasema, yale niliyoyakumbuka. Kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mpaka nililala bila kushtuka. Nasema wazi, siku ile nilimpenda yule bibi.

Mtoto alikuwa anaanza kutembea mwana wa Madamu alipokuja kutoka Johannesburg. Alikuwa ameshaamua: mama yake apelekwe kwenye nyumba ya wazee, nyumba iuzwe. Wanunuzi walisimama barazani wakitazama bondeni, wakasema bahari ingeonekana yote kama si kile chumba cha uani na ule mti. Mwana wa Madamu akawaambia hilo si tatizo, vitaondolewa.

Nilimfuata Madamu chumbani kwake. "Ulisema hakuna atakayekigusa."

"Si mimi tena ninayeamua," akasema, na machozi yakamtoka. Yalikuwa ya kweli, kama yale ya tiketi. Nilimchukia kwa machozi yale.

Siku ya kuhama, kabla mafundi wa kubomoa hawajafika, nilichimba chini ya mlimau kwa kijiko kile kile. Mizizi, kokoto, nyungunyungu. Nilijua sitakuta kitu, maana kitovu huoza na kuwa udongo, ndiyo sababu huzikwa. Nilichimba tu. Mume wangu alisimama kando na mabegi, mtoto begani, wala hakunikumbusha maneno yake.

"Twende, mama mutoto," akasema mwishowe. "Taxi inangoja ku robot, pale ku taa ya barabara."

Zawadi ya Madamu ya kuniaga ilikuwa ile picha. Alitaka mtoto akue akiijua historia. Mimi nilitaka kuiacha jalalani, lakini mume wangu akasema fremu ni nzuri, tukaitundika katika chumba tulichopanga mjini, mahali ukuta ulipopasuka. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilicheza kwa watu, nikatunzwa picha ya kwao.

Mwaka ambao binti yangu alianza shule, mwalimu aliwaambia watoto wachore nyumbani kwao, kule wazazi walikotoka. Wangu alirudi na karatasi mkononi, amejaa furaha, kwa sababu mwalimu alikuwa amemsifia. Alichora mnara mmoja mwekundu, maji yameuzunguka, na miti.

Nilikaa kitandani na karatasi ile mapajani. Nikamuuliza watu wako wapi.

"Watu hawako, mama," akasema, akinionyesha kwa kidole. "Iko mabata."