Medali za Babu na Jina Lililobaki Nyumbani

Kila sikukuu ya taifa, kwenye uwanja wa gombolola, yaani tarafa yetu, kule Mella upande wa Uganda, wenye medali huketi chini ya hema na kupewa soda. Wasio nazo husimama juani na kupewa hotuba. Babu mzaa baba alipigana Bama, kule Asia, katika jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili na sasa anakaribia miaka mia. Lakini medali hana, karatasi hana, kwa hiyo alikuwa akipewa hotuba.

Mwaka mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa akipanga viti alimwambia mbele ya watu, "Mzee, vita kila mtu nasema alikwenda." Babu alirudi nyumbani akakataa chakula. Kesho yake akaniita, akasema hataki kuzikwa akiitwa mwongo. Nilipewa kazi hiyo mimi kwa sababu ni wakala wa forodha mpakani Busia, na ukoo wetu unaamini kwamba anayeweza kupitisha lori la vitunguu anaweza kupitisha chochote.

Nilianzia Tororo, ofisi ya wilaya. Karani alinisikiliza huku akimenya karanga, akaniambia, "Mama, huyu iliandikwa Kenya. Uliza kule." Nikavuka mpaka. Kule karani alikuwa na kompyuta, hivyo alinikatalia haraka zaidi. "Dada, huyu si Mganda? Anzia kwenu." Malori yangu siku hizi hukaguliwa na nchi zote mbili chini ya paa moja, ili mambo yawe rahisi. Bahati mbaya Babu si lori.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikauma. Niliandika barua ng'ambo, kwa wenye vita vyao. Baada ya miezi mitano walijibu kwa adabu nyingi kwamba hawana askari mwenye jina hilo. Nikaandika tena. Wakajibu vilevile, adabu haikupungua hata kidogo.

Basi hasira zangu nikampelekea Babu. Nilimkuta uani anakunywa chai.

"Babu, hivi kweli ulikwenda vitani?"

Swali hilo linaniaibisha mpaka leo. Yeye alimaliza chai yake kwanza.

"Nakwenda," akasema.

"Mbona hawana jina lako?"

"Watakuwa nayo aje? Jina yangu ilibaki hapa nyumbani."

Ndipo akanieleza. Kaka yake alikuwa amekufa kwa ndui mwaka mmoja kabla ya watu wa chifu kuja kuchukua vijana wa jeshi. Mama yao hakuweza kuwazuia wasimchukue wa pili. Alichofanya ni kumwagiza Babu ajiandikishe kwa jina la marehemu. Kifo kikimtafuta huko kwa jina, kikute kwamba huyo kilishamchukua, kiende zake.

"Na ilifanya kazi," Babu akasema. "Mimi si niko hapa?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mke wangu," akanijibu, maana kwa utani wetu sisi wajukuu wa kike sote ni wake zake, "wewe uliuliza jina yangu. Ya vita hukuuliza."

Mwaka mzima na nusu. Mimi, ambaye lori likisimama naangalia namba yake kabla ya kumsalimu dereva, sikuwa nimeuliza namba.

Babu aliitaja palepale, nikaandika tena kwa jina la kaka yake. Safari hii jibu lilikuja upesi. Nakala ya kadi: jina la kaka, kijiji chetu, namba ya askari, alama ya dole gumba, na medali mbili ambazo hazikuchukuliwa na mtu. Kilichotakiwa ni hati ya kiapo tu, kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hicho ni kitu kidogo. Wakili mmoja wa Tororo huandika viapo vya aina hiyo kabla ya staftahi, na changu alikigonga muhuri mwekundu mzuri sana. Lilibaki dole la Babu.

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha fimbo kuelekea kaburi la kaka yake, nyuma ya migomba.

"Kama mimi ndio yeye, pale analala nani?"

Nikamkumbusha hema. Nikamkumbusha yule mwalimu. Nikamwambia ni karatasi tu.

"Karatasi tu," akasema. "Na wewe natafuta miaka miwili."

Niliudhika, halafu nikaona nalia, jambo ambalo sikulipanga.

Aliomba ile kadi. Akaweka dole lake kando ya alama ya dole la zamani, akaviangalia kwa muda. Kisha tukaenda kaburini, akaniagiza nisome kwa sauti. Nikasoma jina, namba, medali mbili. Babu alisimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, akampigia saluti kaka yake, kijana aliyekufa bila kuvaa buti hata siku moja. Hati ya kiapo niliichana jioni ile.

Sikukuu iliyofuata tulisimama juani sote wawili, nikimshikia mwavuli. Mwalimu mstaafu alipita na viti vyake, akasimama kutuchokoza kidogo.

"Mzee, medali ulipata?"

"Ilipatikana," Babu akamjibu. "Iko kwa ndugu yangu."