Shavu la Murdo Stronach

Murdo Stronach alimwapia mama yake, akiwa na miaka kumi na sita, kwamba wiski haitapita kooni mwake. Halafu akaenda kuajiriwa katika kiwanda cha wiski. Huku kwetu bonde la Spey, Uskoti, ambako kazi zote ni za wiski, mtu mwenye kiapo cha namna hiyo ana njia mbili tu: ukasisi au njaa.

Kiwandani, kila asubuhi kabla ya kazi, msimamizi alimmiminia kila mtu wiski mbichi, nyeupe, moto wa kuotea mbali, katika kikombe cha pembe. Asiyekunywa alihesabiwa jasusi wa watoza ushuru. Basi Murdo aliipokea, akaibana shavuni, akatembea nayo polepole hadi kijito cha nyuma ya ghala, akaitema. Kiapo kilitaja koo. Shavu halikutajwa.

"Murdo, leo mvua au jua?" alimchokoza Dod Grassick, mwenzake wa kuviringisha mapipa.

"Mm."

"Mmesikia, jamani? Kasisi ameshahubiri."

Kila Jumapili mama yake, Bi Elspet, alimuuliza mezani: "Imepita kooni?"

"Haijapita, Mama."

Nyumba ilikuwa ya mama, na neno lake lilijulikana: ikipita, nyumba atalirithisha kanisa. Wakaishi hivyo miaka kumi na tisa.

Asubuhi moja ya Februari 1961, pipa lililojaa liliteleza kwenye barafu likashuka mteremko. Chini kule Dod alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu. Murdo alikuwa nusu ya njia ya kijito, shavu limevimba. Akameza.

"Dod! Toka hapo, mjinga wewe!"

Dod akaruka. Pipa likabomoa ukuta wa choo.

"Kumbe unaongea," Dod akasema. "Na matusi unayo."

Jumapili ikafika.

"Imepita kooni?"

"Imepita, Mama. Mara moja. Ilibidi nipige kelele, Dod angekufa."

Bi Elspet alimimina chai, akakoroga. "Si ungetema?"

Murdo akafikiri sana. Kweli bwana. Miaka kumi na tisa anatema kila siku ya kazi, na siku ya kutema kwa maana ilipofika, akasahau.

Kesho yake mama alipanda basi kwenda kwa wakili. Murdo alikuja kazini, akasimama mbele yetu sote, akaigugumia ya asubuhi mpaka tone la mwisho, na hapo ndipo akagundua kwamba haipendi.