Fimbo Iliyopakwa Mafuta

Juzi mtaani Huruma nilimwona fundi akikwangua mpini wa jembe kwa kipande cha glasi. Mkwaruzo ule ulinirudisha nyumbani kwetu kijijini Ziwa, alasiri ambayo ndama niliyekuwa nikimchunga aliingia kwenye mahindi ya babu.

Babu hakufoka. Alikata mti mbichi, akausimamisha kando yangu kuona kama tunalingana, kisha akaketi kuuchonga. Nilijua hiyo ni fimbo yangu. Nikajificha nyuma ya ghala, nikawa namchungulia.

Katikati aliuacha mnene, ncha akazipunguza polepole, akifumba jicho moja kila mara kuzilinganisha. Akaupaka mafuta ya kondoo, akaupitisha juu ya makaa, akaukunja kwenye goti kidogo kidogo. Harufu ya mafuta yakiungua ilinitia njaa na hofu pamoja. Sijawahi tena kuona mikono yenye subira kama ile.

Alipoanza kusokota kamba ya mishipa ya ng'ombe, nilidhani ni ya kunifunga. Nikatoka mbio, nikalala kifudifudi mbele yake.

"Babu, nichape tu yaishe."

"Nikuchape na uta wako wa mishale?" Akacheka hadi akakohoa. "Amka, wewe! Kuja ushike hapa."

Wanangu walipokosa, mimi nilivunja tawi lolote lililokuwa karibu. Hakuna aliyehitaji kujiuliza ni la nini.