Kituo cha Kumi na Nne

Mwalimu Rael Gisiri alikuwa mtu wa kalamu nyekundu, na hakuna aliyesalimika. Ukimpelekea kadi ya harusi, atakupongeza kwanza, halafu atakurudishia imesahihishwa. Mabango ya vibanda vya soko la Homa Bay aliyasoma kwa sauti mpaka wenye vibanda wakaona haya. Alizaliwa Ntimaru, kwa Wakuria, akafundisha Kiswahili katika shule za msingi miaka thelathini, na katikati ya miaka hiyo akaolewa na Mjaluo wa Homa Bay, fundi wa maboti aliyeitwa Maxwell Obiero. Wakwe zake walimwita Nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, na jina likamganda.

Alipostaafu mwaka wa 1995 aliiandikia kampuni moja ya vitabu huko Nairobi, akawaorodheshea makosa mia moja na kumi na mawili katika kitabu chao cha darasa la saba. Wenyewe badala ya kununa wakampa kazi. Walikuwa wanatunga kamusi elezo ya shule, ile ya kueleza kila kitu duniani kuanzia A, na makala za upande wa ziwa wakawa wanamtumia azinyooshe. Ndivyo ilivyomfikia, Novemba ya 1997, mvua ya El Niño ikipiga bati bila huruma, makala ya kurasa tatu juu ya Chama cha Kuhifadhi Ndege wa Ghuba.

Kurasa tatu tu, kazi ya kikombe kimoja cha chai. Lakini kwenye ukurasa wa pili palikuwa na jina la mumewe, na pembeni mhariri wa Nairobi alikuwa ameandika hivi: "Waanzilishi wote wanahitaji mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Huyu Maxwell Obiero alifariki lini? Tafadhali jibu kabla ya mwisho wa Aprili."

Hapo ndipo kilipokuwa kidonda. Machi ya 1991 Maxwell alipanda boti kwenda kisiwa cha Remba kutengeneza chombo cha mtu. Boti ilionekana kesho yake imepinduka; Maxwell hakuonekana, si mzima wala maiti. Wajaluo wana njia yao ya jambo hilo. Mtu akipotea ziwani asipatikane, hutafutwa yago, lile tunda refu zito la mvungunya, likaliliwa kama mtu, likazikwa kaburini mwake. Nashon, kaka mkubwa wa Maxwell, alikuja na shauri hilo mwaka uleule. Rael alimtimua.

"Mume wangu si tunda," alimwambia. "Mlete yeye, nitamzika."

Nashon alirudi kila mwaka, na kila mwaka alijibiwa hivyo hivyo. Watu walinong'ona kuwa ni ukaidi wa Kikuria. Haukuwa ukaidi, ilikuwa hofu. Rael aliamini kwamba siku atakapokubali kaburi lifukiwe, ndiyo siku atakayomuua Maxwell kwa mkono wake mwenyewe. Na sasa Nairobi walikuwa wanamwomba amuue kwa kalamu, tena kwa tarakimu nne tu.

Akaliacha swali hilo, akaendelea kusahihisha, maana kazi ni kazi. Akafika kwenye sentensi hii: "Kituo cha 14, kwenye mafunjo ya mdomo wa mto, hakijakosa hesabu hata mara moja tangu 1986."

Ni lazima nieleze. Chama kile kilikuwa na vituo ishirini kando ya ghuba, na kila kituo kilikuwa na mhesabu wake. Mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Januari na ya Julai, kila mhesabu hukaa kituoni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, akahesabu ndege, akaandika kadi, akampelekea katibu. Kituo cha kumi na nne kilikuwa cha Maxwell. Baada yake hakikupewa mtu. Rael aliipiga sentensi mstari mwekundu, akaandika kando: "Kosa. Kituo hakina mtu tangu 1991." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusahihisha kwa kubahatisha, akachukua mwavuli akaenda kwa katibu.

Katibu alikuwa Noor, mfanyabiashara wa Isiolo mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, mtu mpole aliyependa ndege kuliko misumari yake. Alimsikiliza, akaingia nyuma, akatoka na katoni.

"Hakuna kosa, Mwalimu," alisema. "Kadi zote ziko hapa."

Akazipanga juu ya kaunta. Kumi na tatu, kuanzia Julai ya 1991 hadi Julai iliyopita. Zote zimeandikwa kwa penseli nene bapa ya seremala, na kila tarakimu ya saba ina kijistari tumboni. Rael aliujua mwandiko ule kuliko wake. Akashika kaunta.

"Nani anazileta?"

Noor alizinyoosha kadi. "Mimi huzikuta chini ya mlango nikifungua duka. Wallahi, Mwalimu, miaka yote hii nilidhani ni wewe. Nilisema, maskini, mama wa watu anamwandikia mumewe, anaiga mpaka mwandiko. Nikaona si adabu kukuuliza."

Mwenye kusoma haya pengine angeogopa. Rael hakuogopa; alifurahi, tena alifurahi vibaya. Alirudi nyumbani na mvua yake bila kufungua mwavuli. Yuko hai! Pengine aligonga kichwa akapoteza kumbukumbu, pengine ana jambo analikimbia, pengine ana mwanamke Remba, na hata huyo mwanamke Rael alimsamehe njiani kabla hajafika kwenye lango. Hakumwambia Nashon neno. Alifuta ule mstari mwekundu, akahesabu siku.

Jumamosi ya pili ya Januari aliamka gizagiza, akatoka haraka mpaka akasahau sweta kwenye kiti. Mafunjo yalikuwa yamesimama juu ya kimo cha mtu, na gugumaji limefunika mdomo wa mto. Alitegemea kukuta vichaka vimefunga, kwani kwa miaka karibu saba hapakuwa na mtu wa kupita. Alikuta njia. Njia nyembamba, safi, imekanyagwa hadi mwisho, na mwishoni kigoda cha Maxwell, cha miguu mitatu. Mvua ilinyesha usiku kucha, kila jani likidondosha maji. Kigoda kilikuwa kikavu.

Aliita jina la mumewe mara moja. Hakuitikiwa. Akakaa chini kwenye majani, kigoda akakiacha, asijue kwa nini, akaanza kuhesabu kama alivyofundishwa na mumewe miaka ile ya uchumba. Yangeyange arobaini na mmoja. Mnandi sita. Kwarara wawili. Ndege hawakumkimbia, na hilo lilimsumbua, maana ndege humkimbia mgeni. Walitulia wote, vichwa vimeelekea upande wake, lakini hawakumtazama yeye. Walitazama pembeni yake kidogo, pale penye kigoda. Upepo haukuwepo, na mafunjo ya nyuma yake yalikuwa yakiachana polepole na kurudiana, yakiachana na kurudiana, jinsi yanavyofanya mtu akihama mguu uliokufa ganzi. Rael hakugeuka. Alitaka kugeuka kwa roho yake yote, na shingo ilikataa. Saa mbili kasorobo furukombe mmoja akashuka, akakamata samaki, akaondoka. Huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Saa tatu alikuwa dukani. Noor hakuwa nyuma ya kaunta. Alikuwa amesimama nje barazani, kofia mkononi.

"Nimefungua saa moja na nusu," alisema. "Ilikuwepo."

Kadi ilikuwa kavu, juu ya sakafu iliyojaa maji. Yangeyange arobaini na mmoja. Mnandi sita. Kwarara wawili. Furukombe mmoja, saa mbili kasorobo, naye hakuwa ameshuka bado wakati Noor alipoiokota. Na chini kabisa, penye mstari wa mambo mengineyo, kwa penseli ileile: "Nyar Ntimaru, mmoja. Amekuja bila sweta."

Rael alicheka. Ndiyo, alicheka, kwa kuwa ndivyo Maxwell alivyokuwa, mtu wa kuchokoza watu kwa uso mkavu. Kisha kicheko kikakatika, na Noor akamletea kiti, akawa anasoma dua chinichini.

"Hayuko hai," Rael alisema hatimaye.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi anataka nini?"

Noor alimaliza dua yake. "Sijui mambo ya wafu. Najua mambo ya chama. Kwetu mhesabu haachi kituo mpaka aje wa kumpokea. Sisi hatukumpeleka mtu pale. Tulisema tungoje, mke wake bado anamngoja, tutamvunja moyo."

Maneno hayo yalimwingia. Miaka saba alidhani anamlinda mumewe. Kumbe alikuwa amemweka kazini, kwenye baridi na maji, bila ruhusa ya kwenda nyumbani, na mtu wa watu akaendelea kuamka alfajiri kwa sababu hapakuwa na aliyemwambia yatosha. Aliona aibu. Mtu aweza kuwaonea haya wafu, na aibu hiyo haina pa kujificha.

Hakwenda nyumbani. Alipitia kwa Nashon, akamkuta anafunga mbuzi, akasimama mbele yake bila hata salamu.

"Shemeji, tafuta yago."

Nashon aliachia kamba. Alikuwa mzee wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisema tu, "Asante, Nyar Ntimaru," akafuta macho kwa kiganja.

Walizika Aprili. Lorine, binti wa Rael na Maxwell, alikuja kutoka Migori na watoto wake. Tunda lililazwa ndani ya jeneza dogo la mbao, na wanawake walilia kwa kilio kamili, hawakupunguza hata kidogo. Rael hakulia. Alirusha udongo wake, akashukuru watu, akaangalia chai inatosha. Jioni, kabla giza halijaingia, alikaa mezani, akachukua kalamu nyekundu, akaandika 1991 mbele ya jina la mumewe. Chini ya makala akaongeza kwamba kituo cha kumi na nne kina mhesabu mpya, akataja jina lake mwenyewe, akaituma Nairobi.

Julai, Jumamosi ya pili, alivaa sweta akaenda. Njia ilikuwa imeanza kufunga na magugu, ikabidi apite kwa kutumia panga. Kigoda kilikuwa kimelowa. Alikipangusa kwa kanga akakikalia. Yangeyange walipomwona wakaruka wote kwa mkupuo, na ilimbidi angoje nusu saa ndipo warudi mmoja mmoja. Mafunjo yalitikiswa na upepo tu. Alijaza kadi yake yote kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima.

Dukani alimkuta Noor anapanga makopo ya rangi. Akamkabidhi kadi. Noor akaisoma, akaitia kwenye katoni, akaandika kwenye daftari. Rael hakuondoka.

"Na chini ya mlango?" aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama. Nimeinua hata mkeka."

"Tazama tena, Bwana Noor."

Noor alikwenda, akapiga magoti kwa heshima, akapitisha kiganja sakafuni kutoka ukingo mmoja wa mlango hadi mwingine, polepole. Akainuka, akafungua mikono yake mitupu amwonyeshe.

Hapo Mwalimu Rael akakaa juu ya mfuko wa saruji, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alilia kilio chote cha miaka saba, kwa sauti, kwa Kikuria, lugha ambayo mtaani hakuna aliyeisikia ikitoka kinywani mwake. Wateja walisimama mlangoni na orodha zao za misumari, na Noor akawatokea nje, akawaambia kwa upole waje baadaye, mama huyu amefiwa asubuhi hii.